Stesheni Yenye Paa la Sinia

Nilikata sinia la watu. Neno hili naliweka mbele kabisa, maana nikilificha mpaka katikati mtaniita mwongo, na mimi makosa ninayo mengi lakini uwongo naufanya kwa mzaha tu. Nilikata sinia la watu mchana kweupe, katika mwezi mtukufu, nikiwa nimefunga, kwa mkasi wa bati wa kuazima. Na nilipokuwa nakata nilikuwa napiga mbinja.

Wala sikulikata hivi hivi. Nililikata kwa hesabu. Masinia ya mama ni matatu: kubwa la biriani, la wastani la mahamri, na lile lililobonyea ubavuni ambalo hukataa kulitupa kwa sababu lilikuwa katika vyombo vyake vya arusi. Jumapili ile niliingia jikoni nikayakuta yameegemezwa ukutani, nikahesabu. Moja, mawili, matatu, manne. Nikasema, alhamdulillahi, moja limezidi.

Aliyelelewa katika vichochoro vya Mji wa Kale ameshaliona kosa langu na ameshaanza kucheka. Ramadhani huku kwetu vyombo hutembea kuliko watu. Jirani akioka mkate wa kumimina atakuletea kipande, nawe chombo chake humrudishii kitupu. Utatia chochote, japo ndizi mbili. Kwa hiyo sinia likizidi jikoni mwako hujatajirika. Una kitu cha mwenzio. Ndiyo maana wanawake wa mtaa wetu hutia alama chini ya masinia yao, huyu herufi, yule mikwaruzo miwili ya msumari, mwingine tone la rangi. Unatakiwa kulipindua tu, utajua ni la nani. Mtoto wa miaka sita ajua. Mimi nina kumi na sita na sikulipindua.

Sasa mtauliza, sinia la nini kwa mtu aliyefunga? Sinia lilikuwa paa.

Mwalimu wetu wa sanaa alikuwa ametuambia kila mmoja ajenge kitu kidogo mfano wa kitu kikubwa, kwa ajili ya maonyesho ya shule siku ya Alhamisi. Darasa zima likakimbilia Ngome. Wanafunzi kumi na tisa walijenga Ngome kwa katoni, nyingine zimepinda mpaka ukidhani Wareno walijenga wakiwa na homa. Mimi nikanyanyua mkono nikasema nitajenga stesheni ya reli. Stesheni kubwa, yenye paa moja la kuba ndefu lisilo na nguzo hata moja katikati, na itakuwa Ndia Kuu, njia kuu ya Mji wa Kale.

"Ndia Kuu hakuna reli," mwalimu akasema.

"Ndiyo maana nataka kuijenga, mwalimu. Ingekuwepo ningejenga ya nini?"

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeleta sahani tupu, nikaandika kibandiko, "Chakula cha Mchana cha Ramadhani", akanipa sifuri, na sijawahi kupata sifuri iliyonifurahisha kama ile. Lakini safari hii alinitazama kwa upole, na upole wa mwalimu ni mbaya kuliko kiboko. Akasema, "Wewe fanya kitu chepesi. Wewe ni mtu wa maneno. Mikono si yako."

Mikono si yangu! Basi hii iliyoning'inia mabegani ni ya nani, nayo imeazimwa kwa jirani?

Hapo nikaapa. Stesheni ile ingesimama na paa lake zima, bila nguzo, na kama mwalimu angetaka kucheka acheke akiwa chini yake.

Nilianza kwa bidii ambayo mama aliitilia shaka tangu siku ya kwanza. Sakafu niliifanya kwa mlango wa kabati lililokuwa limeliwa na mchwa upande mmoja. Reli zilikuwa njiti za ufagio wa chelewa, na mataruma chini yake vijiti vya aiskrimu nilivyookota nje ya shule. Lango kuu nililichonga maua kama milango ya kwetu, vile vichwa vya misumari ya shaba nikavifanya kwa pini za kubandikia karatasi. Abiria walikuwa kokwa za tende. Kila tukifuturu nilikusanya kokwa, nikaziosha, nikazivika vitambaa: huyu kanzu, yule buibui, mmoja suti kwa sababu anakwenda Nairobi kutafuta kazi. Niliweka paka saba, maana stesheni ya Mji wa Kale bila paka nani ataamini? Ukutani nikaandika USITEME TAMBUU HAPA, na chini yake nikatia doa jekundu la tambuu. Ubao wa ratiba ulikuwa na treni tano, na mbele ya kila treni, mahali pa saa, niliandika "Inshallah".

Lililonishinda ni paa. La katoni lilikaa siku mbili, kisha joto na unyevu wa kisiwa hiki vikalilegeza likabonyea katikati kama mgongo wa punda wa kubeba maji. Nikaweka nguzo. Nikaitazama ile nguzo. Nikasikia sauti ya mwalimu, mikono si yako, nikaing'oa.

Ndipo nilipoingia jikoni na kuhesabu masinia.

Mkasi niliuazima kwa fundi bati wa mtaa wa nyuma, yule anayetengeneza seredani za makaa na ndoo. Aliligonga sinia kwa kidole, likalia kama kengele.

"Yakhe, alumini ya zamani hii. Siku hizi haipatikani. Umeitoa wapi?"

"Nyumbani, ami. Limezidi."

Akanitazama juu ya miwani. "Sinia halizidi, mwanangu. Sinia hukosekana." Lakini mkasi alinipa. Wakubwa wa kwetu wana tabia hiyo: watakuambia neno la maana, kisha watakupa mkasi.

Nikalikata. Nilitoa ukingo wake, nikalifanya duara mraba, vikabaki vipande vinne vilivyopinda kama mwezi mwandamo. Mraba ule nikaulaza juu ya mtungi wa gesi, nikaukunja taratibu kwa viganja, nikiukanda kama chapati, mpaka ukawa kuba. Nikautobolea madirisha, nikayatia plastiki ya pakiti za vidonge ili mwanga upite. Mbavu zake zilikuwa waya za henga za nguo. Nilipoliweka juu ya stesheni likakaa. Bila nguzo. Nikalala kifudifudi kwenye saruji, nikachungulia kutoka langoni kama abiria anayeingia, kokwa miongoni mwa kokwa, na paa likaruka juu yangu kutoka ukuta hadi ukuta, linang'aa. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri namna ile. Nasema kweli, sitanii.

Na hapo, nikiwa bado nimelala kifudifudi, nikaona katikati ya paa, upande wa ndani, ua dogo jekundu lililochorwa kwa rangi ya kucha.

Ua jekundu ni alama ya bibi wa nyumba ya mkabala.

Huyu bibi lazima nimweleze. Dirisha lake na letu yanatazamana, kichochoro katikati ni chembamba mpaka wao wakikaanga sisi tunapiga chafya. Si bibi yangu kwa damu, ila amenipiga kofi mara nyingi zaidi ya bibi zangu wote wawili. Ulimi wake unakata kuliko ule mkasi. Na sinia lile alipewa na mama yake alipoolewa. Idd ya kila mwaka ndilo linalotiwa biriani, na watoto wake, wake zao na wajukuu hukaa duara wakala pamoja. Mtaa mzima wajua. Idd ilikuwa imebaki siku chache.

Ningeweza kukimbia kwa mama wakati ule ule. Sikukimbia. Nilifikiria hivi: nikisema, nitaambiwa nilitoe paa. Nikilitoa, sinia halitarudi kuwa sinia, na stesheni haitakuwa stesheni. Tutakuwa na hasara mbili mahali pa moja. Nikanyamaza siku tatu, nikamalizia saa ya ukutani.

Jumatano baada ya alasiri mama alikuwa amemaliza kukaanga kaimati na kuzitia shira. Akaniita.

"Lete sinia la jirani nimrudishie. Litakuwa hapo nyuma ya mlango."

"Halipo hapo."

"Liko wapi?"

"Lipo."

"Wewe! Lipo wapi?"

"Stesheni."

Mama alidhani ni mzaha wangu wa kila siku. Akafuta mikono, akapanda mpaka chumbani kwangu, akasimama mlangoni. Alitazama reli, abiria, paka. Kisha akalitazama paa. Nilimwona akilitambua, kama mtu anavyomtambua mtu wake aliyevaa nguo za kigeni.

"Astaghfirullah," akasema polepole. "Ulilipindua kabla ya kukata?"

"Hapana."

"Yalikuwa mangapi?"

"Manne."

"Na yetu ni mangapi?"

Kuna maswali ambayo jibu lake linakutukana.

"Litoe," akasema.

"Silitoi, mama."

Hata mimi nilishtuka kusikia sauti yangu. Nilishawahi kumkwepa mama, kumchekesha, kumzungusha. Kumkatalia usoni sikuwahi.

"Wasemaje?"

"Nikilitoa nitampelekea bati lenye matundu. Hivi lilivyo angalau ni kitu. Nimemkosea bibi kwa sinia lake, na kwa hilo nitamwomba radhi hata mara mia. Kwa paa siombi radhi. Paa ni zuri."

Mama akainama, akachungulia langoni. Kisha akasema, "Basi beba. Beba yote kama ilivyo. Ukamwambie kwa mdomo wako huo."

Nikaibeba, na ubao wake ni mpana kuliko ngazi yetu, nikashuka ubavu ubavu kama kaa. Tulipofika chini mama akaniambia ngoja. Akarudi na bakuli la kaimati, akaliweka ndani ya stesheni, kwenye jukwaa la abiria, chini ya paa.

"Chombo hakirudi kitupu," akasema, "hata kikiwa kimeshakuwa balaa."

Tukavuka kichochoro. "Hodi!"

"Karibu! Nani huyo?"

"Mimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Na hilo dude ni nini? Mwatuhamia?"

Nikaiweka juu ya meza yake. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yote yakanitoka, likabaki moja tu, na hilo ndilo baya kuliko yote. Nikasema, "Bibi, nimekurudishia sinia lako. Na halikurudi tupu."

Mama nyuma yangu alivuta pumzi. Bibi alinitazama, akaitazama stesheni, akazunguka meza.

"Sinia langu li wapi?"

"Tazama juu, bibi. Kwa ndani."

Akainama, akatia mkono chini ya paa, akapapasa mpaka akaligusa lile ua. Kidole chake kikakaa pale. "Rangi hii ilikuwa ya kucha za arusi yangu," akasema. "Iliyobakia tuliwekea alama vyombo." Kisha akageuka na ulimi wake ukaamka. "Mwana wewe huna mato? Wakata kitu hukitazami tini? Kitwa chako cha kutilia kofia tu?"

"Nimekosa, bibi. Nisamehe kwa sinia."

"Kwa sinia tu?"

"Kwa sinia tu."

Mama akaanza, "Bi mkubwa, mimi nimeona haya, hata sijui..." Bibi akamnyamazisha kwa mkono. Alikuwa anakula kaimati kwa macho, akihesabu kokwa, akisoma ubao wa ratiba. Nikaona shavu lake linatikisika kidogo alipofika kwenye Inshallah ya tano.

"Haya," akasema. "Chombo changu kimerudi. Na kilichorudi ndani ya chombo ni cha nani?"

Jibu la swali lile kila mtu analo. "Ni cha mwenye chombo," nikasema.

"Basi kaimati ni zangu. Na stesheni ni yangu. Nenda zako."

"Bibi! Kesho ni maonyesho! Stesheni ni ya shule!"

"Shule ndiyo iliyoleta sinia?"

Nilijitega kwa kamba yangu mwenyewe. Lakini sikutoka. Nilisimama pale mbele ya meza na sikutaka kutoka, na nikamwambia ukweli bila utani: kwamba mwalimu alisema mikono si yangu, kwamba nilitaka mara moja tu nionyeshe kitu nisiulizwe cha kuchekesha kiko wapi.

Bibi akaketi. "Waweza kuniomba nikuazime," akasema. "Lakini ada waijua."

"Haitarudi tupu."

"Itarudi na nini? Maana hii haina treni. Stesheni isiyo na treni ni banda la mbuzi."

Wallahi sikuwa nimeliona. Mwezi mzima wa kujenga, paka saba, na treni hakuna.

"Itarudi na treni," nikasema. "Kabla ya Idd."

"Na mimi kesho nakuja. Siachi chombo changu kitembee peke yake tena katika nyumba yenu."

Asubuhi tulikwenda shuleni Tudor kwa tuktuk, stesheni magotini mwetu, mimi nimeshika upande mmoja na bibi, kajitanda buibui lake, kashika mwingine. Kila tuta dereva alilolikuta bibi alimwambia, "Pole pole, umebeba abiria mia." Dereva alitazama kwenye kioo akihesabu watu wawili.

Katika ukumbi, Ngome kumi na tisa zilikuwa zimepangwa safu. Tukaiweka yetu mwishoni. Wanafunzi walikuja wakiwa na kicheko tayari midomoni, wakainama kuchungulia langoni, na kicheko kikawakwama. Mmoja akauliza, "Nguzo ziko wapi?" Sijawahi kusikia swali tamu kama lile.

Mwalimu alikuja na kalamu yake. Alizunguka mara mbili. Akainama, akatazama paa kwa ndani muda mrefu. Kisha akasema, "Saa yako imekosea."

Saa ya stesheni ilikuwa juu ya lango. Nilikuwa nimeandika pembeni, "Treni ya Asubuhi", na mshale mfupi ulikuwa kwenye moja.

"Haijakosea, mwalimu. Ni saa moja asubuhi."

"Saa moja asubuhi mshale mfupi huwa kwenye saba."

"Kwa saa za dukani. Hii ni stesheni ya Ndia Kuu. Tunasema saa moja, mshale uko kwenye moja. Kwa nini mdomo useme moja na ukuta useme saba?"

"Abiria watachelewa treni."

Bibi, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha wageni kama mkaguzi wa serikali, akanyanyuka. "Mwalimu, samahani. Mimi ndiye mwenye stesheni. Abiria wote hao wa kwetu, hakuna atakayechelewa. Atakayechelewa ni mgeni, na mgeni atakaribishwa kahawa angojee ya pili."

Mwalimu alimtazama, akanitazama. Akaandika kwenye karatasi yangu: "Kazi ya mikono: nzuri sana. Saa irekebishwe." Kazi ya mikono! Niliisoma mara tatu. Karatasi ninayo mpaka leo. Saa sikuirekebisha.

Treni niliijenga kwa vile vipande vinne vilivyobaki. Nilivinyoosha juu ya saruji kwa nyundo ya fundi bati, nikafanya injini moja na mabehewa matatu, magurudumu nikatia vifungo vya koti. Siku moja kabla ya Idd nikairudisha stesheni kwa bibi, treni imesimama ndani, tayari. Alivipima vipande kwa macho, akajumlisha na paa, akasema, "Kumbe bati langu lote limerudi." Hakusema asante, nami sikutarajia. Ameiweka sebuleni juu ya kabati, na wageni wake wote hulazimishwa kuinama waone ua lake.

Asubuhi ya Idd, kabla sijavaa kanzu, mama aliingia jikoni, akachukua sinia lake kubwa la biriani, lile bora kuliko yote, akaniambia nimpelekee bibi liwe lake. Nilimtazama akilifuta kwa kitambaa mara ya mwisho. Nililibeba kwa mikono miwili, nikavuka, nikarudi. Alikuwa ameyaegemeza yaliyobaki ukutani, lile la mahamri na lile lililobonyea. Hakunigeukia.

"Yetu sasa ni mawili," akasema. "Siku ukihesabu matatu, lipindue kwanza."